Akiba Haiozi, Ila Huchukuliwa

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nina neno ambalo limenikaa kooni tangu muhula wa kwanza. Leo nimeona heri nilitoe katika jarida letu kabla halijanisakama.

Muhula huo tulitembelewa na mgeni aliyekuja kutuhutubia kuhusu pesa. Alisema mengi mazuri. Alituambia haba na haba hujaza kibaba, tukaitikia. Akatuambia akiba haiozi, tukaitikia tena, maana methali hizo tumezijua tangu tukiwa chekechea. Lakini mwishoni akasema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawaweki akiba kwa sababu ya tamaa: tamaa ya chipsi, tamaa ya soda na tamaa ya simu. Tulipiga makofi, naye akaenda zake. Nami nilipiga makofi kwa adabu tu. Moyoni nilikuwa nikisema, la hasha, mzee wangu, hapo umepotea njia.

Maoni yangu ni haya. Mwanafunzi hajifunzi kuweka akiba kwa hotuba. Hujifunza nyumbani kwao, na hasa hujifunza siku ile nyumba inapopatwa na shida. Siku hiyo ndiyo anayoona kama akiba ina maana au haina. Kwa hivyo ukimwona mwenzetu anamaliza pesa zake zote kantini kabla ya saa nne, usimtazame yeye peke yake. Uliza: mara ya mwisho shida ilipoingia kwao, pesa zake zilikwenda wapi, na ni nani aliyemwambia?

Najua mtu akitoa hoja sharti atoe na ushahidi. Shahidi wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2020 nilikuwa darasa la tano, umri wangu miaka kumi. Nyote mnaukumbuka mwaka huo. Tarehe 16 Machi shule zilifungwa kwa sababu ya Korona, nasi watoto tukadhani ni likizo ya wiki mbili tatu. Kumbe sisi wa darasa la tano tungerudi tarehe 4 Januari 2021! Babangu ni mwendeshaji wa boda boda, na pikipiki yenyewe si yake. Kila jioni humpelekea mwenye mali fungu lake. Mama huuza omena na mboga sokoni. Mwishoni mwa mwezi huo wa Machi ilipotolewa amri ya kutotoka nje usiku, baba alipoteza wateja wa jioni, na hao ndio waliokuwa wakimpa faida. Soko nalo likapoa kama chai iliyosahauliwa.

Mimi nilikuwa na kibubu. Kilikuwa kopo la kakao ambalo fundi wa vibatari alilitoboa mwanya juu, kisha akalehemu kifuniko kisifunguke. Nilianza kukijaza nikiwa darasa la tatu. Nilitia humo pesa za mapera niliyouza njiani, sarafu nilizopewa na wajomba Krismasi, na chenji ya dukani mama aliponiambia, "Hiyo baki nayo." Niliandika kila kitu nyuma ya daftari la Hesabu, na kufikia Juni jumla yangu ilikuwa shilingi 870. Nilitaka kununua begi la shule lenye zipu mbili, kwa sababu lile nililokuwa nalo lilikuwa limetoboka hadi kalamu zikawa zinaanguka barabarani.

Usiku mmoja ndugu yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, alishikwa na malaria kali. Nilimsikia akilia, kisha nikapitiwa na usingizi. Asubuhi nilipotoka nje nilikuta kopo langu nyuma ya jikoni, limepasuliwa kwa panga na kulazwa wazi kama samaki wa kuanikwa. Hamkuwa na hata shilingi moja. Nilimwuliza baba. Akasema, "Usiniulize." Nilimwuliza mama. Akasema, "Nyamaza, mwenzio ni mgonjwa." Basi. Hayo ndiyo maelezo niliyopewa kuhusu shilingi 870 za miaka miwili.

Naomba mnielewe vizuri. Ndugu yangu alitibiwa akapona, na leo ananisumbua kila jioni nikijaribu kufanya kazi ya ziada. Hakuna begi duniani linaloweza kulinganishwa naye. Lau baba angeniamsha usiku ule akaniambia, "Mwanangu, mdogo wako anaungua na homa, tunaomba kibubu chako," ningemletea panga kwa mkono wangu. Mimi niliumia kwa sababu sikuambiwa. Niliona kwamba pesa zangu hazikuwa zangu, na kwamba katika shida ya nyumba yetu mimi sikuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba.

Sasa tazameni matunda yake. Tangu siku hiyo hadi nilipoingia kidato cha kwanza sikuweka hata senti. Nikipewa ishirini, nakula ishirini. Nikipewa hamsini na mjomba, hamsini hiyo haioni jua likitua. Nilikuwa nimejitungia hekima yangu mwenyewe: kilicho tumboni hakipasuliwi kwa panga. Mgeni wetu angeniona wakati ule angesema nina tamaa. Angekosea, kwa maana nilikuwa nimepiga hesabu na kuona kwamba katika nyumba yetu anayekula leo ndiye asiyepata hasara kesho.

Kabla ya kuandika makala haya niliwauliza wenzangu kadhaa kama yaliyonipata mimi yamewahi kuwapata. Wengi walicheka kabla ya kujibu, na kicheko chenyewe kilikuwa jibu. Mmoja aliniambia habari za benki ya mama. Ukipewa pesa na wageni, mama husema, "Lete nikuwekee." Benki hiyo hupokea kila siku, lakini siku ya kutoa haijafika hadi leo! Mwingine, mvulana ambaye sitamtaja hata mkinipa mandazi, alikiri kwamba huwadanganya wazazi wake. Husema shuleni kunatakiwa pesa za karatasi za mtihani, kumbe hazitakiwi. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Kwetu ukiwa na pesa zinazojulikana, hizo si zako. Zile zisizojulikana ndizo zako." Nilimwambia huo ni uongo na ni wizi, naye akakubali. Lakini nilijua mahali alipojifunzia.

Na yupo wa tatu, msichana ninayeketi naye dawati moja. Baba yake ni bawabu, na mshahara wa bawabu mnaujua. Hata hivyo kila Jumapili baada ya chakula baba huyo hutoa daftari na kuwasomea watoto: kilichoingia ni hiki, kilichotoka ni hiki, tunachodaiwa ni hiki. Msichana huyu huweka shilingi kumi kila wiki, na sijamwona akikosa hata wiki moja tangu kidato cha kwanza. Kwao ni maskini kama kwetu. Tofauti ni kwamba kwao pesa zina maelezo.

Huenda mkasema haya ni maneno ya watoto. Haya basi, tuwasikilize wasomi. Mwalimu wetu wa Biashara alipojua kwamba ninaandika jambo hili, alinieleza utafiti uliofanywa papa hapa Kenya, upande wa magharibi. Watafiti wawili, Pamela Jakiela na Owen Ozier, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2016. Waliwapa watu wa vijijini pesa na kuwaacha wachague jinsi ya kuziwekeza. Wengine pesa zao zilijulikana mbele ya watu, wengine iliwezekana kuzificha. Walichogundua ni kwamba wanawake walikuwa tayari kupata faida ndogo, mradi tu kiasi chao kisijulikane. Yaani mtu anaacha faida ili jamaa zake wasijue alicho nacho! Wanawake hao walifanya kama watu wanaotarajia kwamba fungu la pesa zinazoonekana litadaiwa na wengine, na kama jamaa wapo hapo wakitazama, fungu hilo huwa kubwa zaidi. Niliposikia hayo nilimkumbuka yule mvulana wa pesa za karatasi za mtihani. Kumbe hata watu wazima wana kibubu chao cha siri.

Lakini msikimbilie kusema kwamba jamaa ni wabaya. Kuna utafiti mwingine, wa William Jack na Tavneet Suri, uliochapishwa mwaka 2014. Hawa walichunguza familia za Kenya baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007. Waliona kwamba familia isiyotumia M-Pesa ilipopatwa na pigo, kwa mfano ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake yalishuka kwa asilimia 7. Familia zilizotumia M-Pesa hazikushuka. Sababu kubwa ni kwamba ndugu na marafiki walio mbali waliweza kuwatumia pesa kwa haraka. Kwa hivyo jamaa wale wale tunaowaficha pesa ndio wale wale wanaotuokoa. Damu nzito kuliko maji, na hilo halina ubishi. Kwa maskini, ndugu ndiye bima.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Tukiwaficha jamaa kila kitu, siku ya shida tutalia peke yetu. Tukiwaachia wachukue kila kitu, hatutakuwa na kitu siku zote. Tufanyeje?

Jawabu nililipata kwa nyanya yangu mzaa mama, mwanamke ambaye hakuvuka darasa la pili. Nilikwenda kwake likizo ya Agosti nilipokuwa kidato cha kwanza, nikamkuta ana makopo matatu juu ya kabati. Kopo la kwanza aliliita la chumvi, maana yake matumizi ya kila siku. La pili ni la mbegu na mbolea. La tatu ni la kilio, na hilo haliguswi ila kwa ugonjwa au msiba. Nilimwuliza, "Nyanya, na kama shida ikizidi kopo la kilio?" Akasema, "Nitakopa kopo la mbegu, na nitaliambia." Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha kipande cha karatasi ndani ya kopo la mbegu, kimeandikwa na mjukuu wake mwingine: kilio kinadaiwa 300. Alikuwa akijidai mwenyewe!

Tena jambo hilo la nyanya limepimwa na wasomi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio lililofanywa magharibi mwa Kenya na watu wa vyama vya merigoraundi. Wengine walipewa kisanduku chenye kufuli pamoja na ufunguo wake, wajiwekee pesa za afya. Kisanduku hicho tu, ambacho ungeweza kukifungua saa yoyote, kiliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulishikwa na mtu mwingine hadi watimize kiasi walicholenga. Mtu angedhani hicho ndicho kingefaa zaidi, kwa kuwa kimefungwa kabisa. La! Watu wengi walisita kutia pesa mahali ambapo shida ikiwajia ghafla hawawezi kuzifikia. Lakini pesa zilipotengwa maalumu kwa ajili ya dharura ya ugonjwa, ziliwasaidia watu kukabiliana na dharura hiyo. Mnaona? Kopo la kilio liwe mbali na kopo la mbegu. Nyanya yangu hajasoma utafiti wowote, lakini kama watafiti hao wangepita kwake angewapa uji na kuwaeleza.

Na kuhusu sisi wanafunzi hasa, upo utafiti wa jirani zetu wa Uganda. Dean Karlan na Leigh Linden, katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2014, walifuatilia shule za msingi 136, na katika baadhi yake watoto waliweka akiba shuleni. Katika shule nyingine, mwisho wa muhula watoto walirudishiwa pesa taslimu. Katika nyingine walipewa hati za kununulia vifaa vya shule tu. Wale wa pesa taslimu ndio walioweka zaidi, nadhani kwa sababu waliaminiwa. Na pale ambapo wazazi pia waliitwa wakaelezwa mpango huo, watoto hao wa pesa taslimu walinunua vifaa zaidi na alama zao za mtihani zikapanda. Mtoto peke yake hakutosha. Ilibidi mzazi ajue na mtoto aaminiwe. Hayo mawili yalipokutana ndipo matunda yakaonekana.

Sasa nijibu wapinzani wangu, maana najua wapo, na baadhi yao ni walimu wangu.

Wa kwanza atasema: mtoto hana pesa, pesa za mtoto ni za mzazi, kwani nani anamlisha? Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuonekana mtovu wa adabu. Ni kweli kila shilingi niliyo nayo ilipita kwanza kwenye jasho la mtu mzima. Lakini huwezi kumwambia mtoto "weka akiba, ni yako" siku ya Jumatatu, na kumwambia "si yako" siku ya Alhamisi. Chagua moja. Kama ni ya nyumba, mwambie tangu mwanzo, naye ataiweka kwa ajili ya nyumba, na ataona fahari siku itakapotumika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kwa kumchukulia kimya kimya, atakua mtu wa kuficha kimya kimya, na siku atakapokuwa na mshahara usishangae akikwambia hana kitu.

Wa pili atasema: dharura haingoji mkutano. Mtoto anaungua na homa usiku wa manane, nani ana nafasi ya kuita kikao? Nakubali. Vunja kibubu, okoa maisha. Lakini asubuhi hufika. Kumwambia mtoto "tulivunja, sababu ni hii, tutarudisha tukiweza" hakuchukui hata dakika mbili. Na hata kama hamtaweza kurudisha, semeni. Mimi nilingoja maneno hayo kwa miaka mingi.

Wa tatu atasema: sisi hatuna hata cha kula, akiba itoke wapi? Huyu simjibu kwa methali. Ziko siku kwetu ambapo hakuna cha kuweka, na kumwambia mtu wa namna hiyo ajifunge mkanda ni kumdhihaki. Ninachosema ni kwamba hata pasipo pesa, maelezo yapo. Kumweleza mtoto "leo hakuna, na hii ndiyo sababu" ni mafunzo tosha. Nyumba ya yule bawabu imenifundisha hivyo.

Wengine watauliza kuhusu simu na michezo ya kubahatisha. Ni kweli wenzetu wengine wanapoteza nauli kwa kubashiri matokeo ya mpira, na hilo ni balaa. Lakini nauliza, kijana ambaye hajawahi kuona pesa zilizowekwa zikifika mwisho wa safari yake, kwa nini asizitupe kwenye bahati nasibu? Kwake kuweka na kubahatisha ni mamoja, ila kubahatisha kunampa jibu jioni ile ile.

Sasa niwasimulie kilichotokea mwaka huu, kwa maana ndicho kilichonipa nguvu ya kuandika.

Baada ya kutoka kwa nyanya nilianza tena kuweka, kidogo kidogo. Kufikia mwanzo wa muhula wa pili nilikuwa na shilingi 2,600. Nilikusudia kununua vitabu vya kudurusu, vya Kemia na Hisabati, kabla sijaingia kidato cha nne. Wiki ya tatu ya muhula, baba aliteleza na pikipiki kwenye matope akavunjika mguu. Alitiwa plasta, akalala nyumbani bila kazi. Jioni ya pili nilimsikia mama akinong'ona na baba, na sauti zao nilizijua. Nilikwenda kulala nikiwa na hakika kwamba nitaamka nikute kopo nyuma ya jikoni. Nawaambia ukweli, niliwaza kulificha. Nilisimama nalo mkononi gizani.

Kisha mama akaniita. Baba alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda. Mama alisema, "Tuna shida, nawe unaiona. Tunaomba utukopeshe. Tutaandika." Kumbe nyanya alikuwa amewaambia. Sikumwomba aseme, lakini wazee huona. Tulihesabu pamoja. Nilitoa 1,500, nikabaki na 1,100. Mama aliandika katika daftari langu la Hesabu, baba akatia sahihi yake, herufi mbili na mkwaju. Hadi leo ninapoandika haya wamenirudishia 900. Bado ninawadai 600, nao hunikumbusha kabla sijawakumbusha.

Nyumba ni ile ile, shida ni ile ile, na mtoto ni yule yule. Mwaka 2020 nilitoka nikiapa kutoweka tena. Safari hii, wiki iliyofuata nilitia kopo shilingi ishirini. Wenzangu wananicheka kwamba mimi ni benki ya baba. Wacheke tu. Benki hii hutoa na hurudishiwa.

Kwa hivyo nina maombi machache. Kwa wazazi watakaosoma jarida hili siku ya wazazi: tunaomba mtuhesabu katika shida. Mkichukua, tuambieni. Mkikopa, andikeni. Na mkiweza, tengeni kopo la kilio la nyumba nzima, ili kibubu cha mtoto kisiwe cha kwanza kupasuliwa. Kwa walimu wetu: msituite sisi peke yetu siku ya hotuba za pesa. Waiteni na wazazi, tukae benchi moja, tusikie pamoja. Kwa sisi wanafunzi: tuache uongo wa pesa za karatasi. Hatuwezi kudai kuambiwa ukweli na huku sisi tunadanganya. Tena siku nyumba ikiungua, tusikumbatie kibubu. Anayeulizwa na kuheshimiwa naye ana wajibu wa kutoa.

Kabla sijaleta makala haya kwa mhariri nilimsomea baba. Niliogopa sana, kwa sababu habari ya kopo ilikuwa haijawahi kutajwa kwetu tangu siku ile. Alisikiliza hadi mwisho, akinyoosha mguu wake ambao sasa umepona. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Andika. Lakini usisahau kuandika kwamba mtoto alipona." Nimeandika, baba. Alipona.

Baadaye, nikiwa mlangoni, akaongeza, "Na zile mia nane na sabini, zitie kwenye hesabu." Sasa ninawadai 1,470. Lakini kusema kweli, wenzangu, nilihisi nimelipwa zote palepale.

Wasalaam.